Kweli, Maadili na Thamani za Mtu Mmoja Mmoja: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Maswali haya yametoka kwenye kaunta buku moja ambalo jalada lake lilishamwagikiwa chai. Watu wachache tunakutana Sinza, Dar es Salaam, Jumamosi mbili kwa mwezi, chini ya mwarobaini, kujadili falsafa kwa Kiswahili. Kila mgeni huuliza yale yale aliyouliza mgeni wa juzi, na mimi nimechoka kujibu kwa mdomo. Nimeyapanga kuanzia mepesi kwenda magumu. Nikikuelekeza swali jingine, fuata namba, maana sitarudia. Majibu ni yangu. Wenzangu wawili wanalipinga jibu la swali la 9 hadi leo, na wana haki yao.

## Kabla ya yote

1. Kuhoji kweli na maadili si ndiyo kumkana Mungu?

Hili huja la kwanza, na anayeuliza mara nyingi hakai. Husimama karibu na geti kwanza, asikie jibu.

Hapana. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alifika mahali akatilia shaka hata macho yake mwenyewe kabla ya kurudi kwenye yakini, na habari hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Aliwashambulia wanafalsafa, lakini kwa silaha zao wenyewe. Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyemjibu baadaye, alikuwa kadhi. Kwa upande wa Wakristo, Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, aliandika mwaka 1843 juu ya Ibrahimu kupanda mlimani na mwanawe, akahangaika na swali moja: baba anayetaka kumchinja mtoto kwa sababu amesikia amri, sisi wa nje tumwite nani? Kierkegaard alikuwa muumini, na ndiyo maana swali lilimuuma.

Kuna swali moja la zamani ambalo muumini na asiyeamini wanaweza kukaa benchi moja wakaliuliza. Plato, mwanafalsafa Mgiriki, alilitia kinywani mwa mwalimu wake Socrates: jambo ni jema kwa sababu limeamriwa, au limeamriwa kwa sababu ni jema? Socrates alihukumiwa kifo Athens mwaka 399 KK, kwa shtaka la kutoheshimu miungu ya mji na kupotosha vijana. Kwa hiyo huyo wa getini wasiwasi wake si mpya. Akae tu.

2. Mnaposema "thamani binafsi" mnamaanisha nini? Bei?

Karibu na hapo. Neno *thamani* lilitujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni bei. Wengine wanapenda *tunu*, neno tamu zaidi, lenye harufu ya zawadi iliyofungwa kwenye khanga. Rasimu ya Katiba ya Tanzania ya 2013 ilitumia hilo: ilitaja tunu za taifa, zikiwemo utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya taifa. Mwaka uliofuata, katika Katiba Inayopendekezwa, orodha ikabadilika. Hapo unaona tunu zinavyoweza kupigiwa kura. Urefu wa Mlima Kilimanjaro hauwezi.

Mimi nabaki na *thamani* kwa sababu bei inasaidia kufikiri. Thamani yako ni kile ambacho kwa ajili yake umewahi kuachia kitu kingine ulichokitaka. Mtu akiniambia anathamini ukweli, namuuliza mara ya mwisho ulimgharimu nini. Akikosa jibu, anachokisema ni kwamba anaupenda ukweli, kama mimi ninavyopenda bahari nikiwa nchi kavu.

Na kuna swali la pili linalofuata hapo hapo: hiyo bei, nani analipa? Likumbuke. Litarudi.

3. Kwa nini kweli na maadili vinawekwa chungu kimoja? Kimoja si mambo yalivyo, kingine yanavyotakiwa kuwa?

Umeuliza kama David Hume, mwanafalsafa wa Scotland. Katika kitabu alichotoa mwaka 1739 na 1740 alilalamika kwamba waandishi wa maadili huanza vizuri na "ni" na "si", halafu ghafla, bila kupiga hodi, msomaji anajikuta kwenye "inapasa" na "haipasi". Wamevukaje? Hakuna aliyeonyesha daraja.

Ila lugha yenyewe hailiheshimu pengo hilo. *Haki* na *hakika* ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, na huko neno la haki ndilo la kweli. Nasi tunasema "mtu wa kweli" kwa maana ya mtu mwadilifu. Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022, aliona jambo la aina hiyo katika Kiakan: *nokware* ni kweli ya mdomo, kinyume cha uongo, na kwa mambo yenyewe husemwa *nea ete saa*, yaani ndivyo ilivyo. Wiredu alisisitiza kwamba tatizo la kifalsafa ujaribu kulisema kwa lugha ya mama yako. Mengine yatayeyuka, mengine yatabaki, na yaliyobaki ndiyo ya kushughulika nayo.

Jaribu hapa kwetu. "Ndivyo ilivyo" na "nasema kweli" ni vitu viwili. Unaweza kusema kweli ukakosea, kwa sababu umeambiwa vibaya. Unaweza pia kudanganya ukapatia kwa bahati. Maadili yanashika mdomo wako, si dunia nzima.

4. Kwa hiyo kila mtu ana ukweli wake?

"Ukweli wangu" ni msemo ninaousikia sana siku hizi, hasa kwa mtu aliyeachwa.

Mwenye wazo ni wa zamani: Protagoras, Mgiriki wa karne ya 5 KK, alisema binadamu ndiye kipimo cha vitu vyote. Plato akamgeuzia: kama linaloonekana kwa kila mtu ni kweli kwake, basi na yule anayeona Protagoras amekosea yuko sahihi. Mkeka unajikunja na aliyekaa juu yake.

Mimi hupenda kuupeleka ubishi huu Jangwani. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni. Unaweza kuthamini ratiba yako kuliko kitu chochote, na uwe na miadi Posta saa mbili. Maji hayana habari. Hapo hakuna ukweli wako na wangu, kuna barabara iliyofungwa.

Lakini thamani zina mlango mwingine wa kuingilia. Dereva atapima maji kwa kuangalia gurudumu. Mama anayeishi bondeni atapima kwa mstari uliobaki ukutani, akilinganisha na wa mwaka jana. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, ila taarifa ya habari ya saa mbili usiku ina dakika chache, na mtu fulani ataamua kisomwe kipi. Thamani zako zinachagua swali, hazichagui jibu. Nikiambiwa "ukweli wangu" huwa nauliza kama mtu anamaanisha maoni, maumivu, au upande wake wa kisa. Kiswahili kina neno kwa kila kimoja.

## Majina makubwa

5. Nietzsche si ndiye aliyesema Mungu amekufa, kila mtu ajifanyie atakalo?

Nusu ya kwanza iko kitabuni. Ya pili ni ya watu wa vijiweni.

Katika kitabu cha 1882 cha huyu mwanafalsafa wa Kijerumani kuna kichaa anayeingia sokoni asubuhi kweupe akiwa na taa, akitafuta Mungu. Watu wa sokoni, ambao hawakuwa waumini, wanamcheka. Ndipo anawaambia Mungu amekufa, na sisi ndio tuliomuua. Halafu anaitupa taa chini na kusema amekuja mapema mno. Hiyo si sherehe. Ni mtu anayeona nyumba imetolewa nguzo na wapangaji wanaendelea kupiga soga sebuleni.

Kazi yake kubwa kwa mada yetu ni ya 1887, ambako aliuliza: thamani hizi zenyewe zina thamani gani, na zimetoka wapi? Alidai maneno ya wema na ubaya mara nyingi yalianza kama maneno ya vyeo. Bwana alijiita mwema kwa sababu ni bwana.

Watu wetu hulikataa wazo hili mpaka niwaulize maana ya *muungwana*. Leo ni mtu mpole, anayesalimia, asiyepigia watu kelele kwenye simu ndani ya basi la mwendokasi. Zamani, katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Na *mshenzi*? Alikuwa mtu wa bara, asiye wa mji, yule ambaye misafara ya watumwa ilimfuata huko kwao. Leo ni tusi la tabia. Kila unapomsifu mtoto kwa uungwana wake na kumkanya asiwe mshenzi, mdomo wako unabeba daftari la mauzo ambalo hukuliandika. Mzee mmoja aliyekuja kwetu, mtu wa Bagamoyo, alinyamaza muda mrefu baada ya hapo. Kisha akasema: "Lakini kusalimia bado ni kuzuri." Nadhani alimjibu Nietzsche vizuri kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma. Asili ya neno haimalizi kesi ya neno.

Kuhusu yale ya siasa za Wanazi anazohusishwa nazo: aliugua akili mwaka 1889 huko Turin, na karatasi zake zikaangukia mikononi mwa dada yake Elisabeth, ambaye alizipanga kwa matakwa yake. Yako mengine aliyoyaandika mwenyewe ambayo hayapendezi pia, na hayo dada hana kosa.

6. Sartre anasema tujichagulie. Je, inatosha?

Katika mhadhara wake wa Paris mwaka 1945, mwanafalsafa huyu wa Kifaransa alisimulia habari za mwanafunzi wake. Kaka wa kijana aliuawa vitani mwaka 1940. Mama alibaki na huyu mmoja, na ndiye aliyekuwa faraja yake. Kijana akataka kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru. Abaki na mama, au aende? Sartre akamwambia: uko huru, chagua. Hakuna kitabu cha maadili kitakachokuamulia.

Tuliposoma kisa hiki chini ya mwarobaini, dada mmoja ambaye ni nesi aliuliza jambo ambalo mimi sikuwa nimeliwazia miaka yote: "Mama mwenyewe alisemaje?" Kimya. Katika kisa chote mama analemewa na uamuzi, wala hasikiki akiulizwa. Sartre yuko sahihi kwamba kuchagua huwezi kumwachia mwingine. Ila kuchagua peke yako na kuchagua bila kuuliza ni mambo mawili.

7. Hawa wote ni Wazungu na Waarabu. Waafrika wako wapi?

Mmoja umeshakutana naye swali la 3. Mwingine ni Henry Odera Oruka wa Kenya (1944–1995). Tangu miaka ya 1970 alikwenda vijijini kuhoji wazee, akawagawa mafungu mawili: wanaojua hekima ya jamii na kuirudia vizuri, na wanaoijua kisha wakaipima na kutoa hukumu yao binafsi. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Kigezo chake hakikuwa shule wala mvi. Kilikuwa: je, mzee huyu anaweza kupingana na kijiji chake na kueleza kwa nini?

Paulin Hountondji wa Benin alikuwa mkali zaidi. Alikataa kabisa wazo kwamba kabila zima linaweza kuwa na falsafa moja ambayo hakuna aliyeifikiri. Kufikiri ni kwa mtu, na mwenzake anayembishia.

Na kwa Kiswahili yupo mwandishi Euphrase Kezilahabi, wa Ukerewe, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kufariki 2020. Riwaya yake *Rosa Mistika* ya 1971 ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikarudi. *Nagona* ya 1990 ni ngumu, usijilaumu ukiiacha katikati. Mimi niliiacha mara mbili.

8. "Mtu ni watu." Sasa hizi thamani za mtu mmoja mmoja zinatoka wapi?

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969: nipo kwa sababu tupo, na kwa kuwa tupo, basi nipo. Wengi hunukuu sentensi hiyo kumnyamazisha mtu: wewe nani mpaka uhoji?

Mimi naisoma vingine. Kama mimi ni watu, basi ndani yangu kuna bibi yangu aliyekuwa Mpare mkaidi, mwalimu wangu wa darasa la tano, ustaadhi wa mtaani, na rafiki aliyenitapeli. Hawa hawakubaliani. Thamani zangu ni matokeo ya kikao chao, na mwenyekiti ni mimi. Jamii inakupa wajumbe, haiwezi kukukalia kile kiti.

## Mtaani

9. Mimi ni winga Kariakoo. Je, mimi ni mwongo?

Aliyeuliza hili alikuja moja kwa moja kutoka kazini, begi la mbele kifuani. Kwa msomaji wa nje ya mji: winga hana duka. Anasimama barabarani, anakuita "dada, njoo, mzigo upo", anakupandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili, anamwambia mwenye duka "hii kwa huyu bosi tunaiachaje?", na mwenye duka anamtazama winga usoni kabla ya kutaja bei. Mpwa wangu alinunua mkoba hivyo kwa 35,000. Wiki iliyofuata alirudi peke yake kumchukulia rafiki yake, duka lile lile, mkoba ule ule: 28,000. Ile 7,000 ni cha juu.

Winga wetu alijitetea vizuri. "Nilisema bei ni thelathini na tano. Ukalipa thelathini na tano. Uongo uko wapi? Na ngazi zile nani angekuonyesha?" Kweli, kila neno lilikuwa sahihi. Ametafuta mteja, amejua duka lenye mzigo, ametumia miguu yake. Hiyo ni kazi.

Nilimuuliza la swali la 2: nani analipa, na je, anajua kwamba analipa? Mtu wa Dar anajua kuna cha juu, anapunguza mpaka anakasirisha watu. Kwake huo ni mchezo wa wawili. Mama aliyeshuka basi kutoka Songea jana hajui kama mchezo umeanza. Maneno ni yale yale, bei ile ile, na bado kitendo kimebadilika kwa sababu aliyesimama mbele yako amebadilika. Halafu nikamuuliza kuhusu ile sentensi wanayoipenda, "hapa sipati hata mia". Akacheka, akatazama chini. Hiyo ni uongo, alisema mwenyewe.

Wenzangu wawili wanadai nimemlegezea. Wanasema kuficha bei ni kudanganya, iwe kwa mtu wa Songea au wa Magomeni. Hawakosi hoja: nikikubali kwamba maadili yanategemea mteja anajua nini, nimempa kila mjanja sababu ya kusema "nilidhani anajua". Sijapata jibu la kuwaridhisha.

10. Tumwambie mgonjwa ukweli?

Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1797 alijibu hoja ya Mfaransa Benjamin Constant kwa mfano unaowaudhi watu mpaka leo: muuaji anagonga mlango, anauliza kama rafiki yako yumo ndani. Hata huyo, Kant anasema, usimdanganye. Ukimdanganya, yatakayotokea ni juu yako. Sijawahi kukutana na mtu wa Dar aliyekubali. "Si unasema tu hayupo!"

Lakini hao hao wakiwa na baba hospitalini, suala linakuwa zito. Mjomba wangu alikuwa na saratani, na familia ikakubaliana asiambiwe. Nami nilikubali. Kila tulipokwenda kumwona alizungumzia bati: nyumba yake ya Chanika ilikuwa imefika kwenye lenta, na alikuwa akipiga hesabu ya bati za geji gani. Tulitikisa vichwa. Baada ya mazishi fundi akatuambia kwamba mzee alimpigia simu mwezi mzima nyuma: "Achana na sebule. Malizia chumba cha mama watoto, kiingiwe." Alikuwa anajua. Sisi tulimficha, naye akatuficha kwamba anajua, na wote tukalipa: hatukuagana.

Ahadi za mwana TANU zilikuwa na mstari huu: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Nimependa kwamba vimefungwa pamoja. Fitina nyingi hutengenezwa kwa maneno ya kweli tupu, yakisemwa kwa mtu fulani wakati fulani ili kuvunja kitu. Kwa mgonjwa, swali langu sasa haliko kwenye "tumwambie au tusimwambie". Muulize anataka kujua kiasi gani, halafu ustahimili jibu.

11. "Mwacha mila ni mtumwa." Kuhoji mila si kujidharau?

Inategemea mila inalipiwa na nani. Mila ya kumpokea mgeni inalipiwa na mwenye nyumba, na ndiye anayejisifu nayo. Safi. Mila ya kumwoza binti mdogo inasifiwa na wazee, analipa binti.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana ni 18. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alifungua kesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki na msimamo huo huo wa Mahakama Kuu. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kuhoji maadili ni kazi ya maktaba. Hapa palikuwa na faili, wakili, na swali ambalo Odera Oruka angelitambua (swali la 7).

## Pembeni kabisa

12. Kama maadili ni thamani za mtu, kwa nini mwizi alaumiwe? Naye ana zake.

Anazo, na za wizi analipa mwingine. Hapo ndipo "binafsi" inapoisha. Hilo ni jibu fupi, lakini kuna refu.

Niliwahi kuwa kituoni Mwenge jioni mtu alipopiga kelele za mwizi. Kijana alikamatwa. Simu ilitolewa kwenye soksi yake, kwa hiyo aliiba kweli, wala hakukuwa na utata. Watu wakaanza. Wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali: wengi nilikuwa nimepanga nao foleni dakika tano kabla, tukilalamikia nauli. Mmoja alishaanza kumwuliza bodaboda habari za petroli. Kijana alirudishwa nyuma mpaka akaangukia meza ya mama muuza ndizi. Mama akasimama, akapanua mikono, akapaza sauti: "Kwenye meza yangu hapana! Hapana, nasema!" Watu wakasita kidogo. Katika kusita huko mgambo wawili wakafika.

Kweli ilikuwa upande wa umati. Maadili hayakuwa. Huo ndio mfano wangu wa kudumu kwa anayedhani ukishapata ukweli, lililo sahihi linafuata lenyewe.

Kuna kingine. Sijui kama mama yule alimtetea kijana au ndizi. Kant, katika kitabu chake cha 1785, ana muuza duka asiyempandishia bei mteja asiyejua, kwa sababu uaminifu unaleta wateja. Tendo ni sahihi, anasema, lakini halina uzito wa kimaadili, kwa sababu nia ni biashara. Basi kama mama alitetea ndizi, Kant hamhesabii. Yule kijana, nadhani, angemhesabia.

13. Nikibadilisha thamani zangu, nilikuwa mnafiki?

Hapana. Mnafiki ana thamani mbili kwa wakati mmoja, moja ya kuonyesha na moja ya kutumia. Wewe ulikuwa nayo moja, sasa una nyingine. Kama ulipokuwa nayo ile ya kwanza kuna mtu aliumia, nenda kamwambie.

14. Vipi kama maadili hayapo kabisa? Yaani tunajidanganya wote?

Mwanafalsafa J. L. Mackie wa Australia alitetea karibu hilo mwaka 1977: tunaposema "kuua ni vibaya" tunadhani tunataja kitu kilichopo duniani, kama jiwe, na hakipo. Sentensi zote za namna hiyo, kwake, zina kosa. Hoja yake moja ni kwamba kitu hicho kingekuwa cha ajabu mno, kisichofanana na kingine chochote tunachokijua.

Ni hoja nzuri, na simwombi mtu aiogope. Lakini Mackie hakutupa maadili. Aliona ni kitu tunachokitengeneza, na akaendelea kuandika tukitengeneze vipi. Daraja la Kigamboni nalo halikuota. Hakuna anayelivuka akisema halipo.

15. Kipimo chako cha "nani analipa" kina tundu. Mtu akilipa mwenyewe kwa thamani mbaya je?

Kweli kina tundu, na aliyeligundua ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Alisema: mtu anayewachukia watu wa kabila fulani, akakataa kazi nzuri kwa sababu bosi ni wa kabila hilo, akalala njaa. Amelipa mwenyewe. Chuki yake imekuwa njema?

Hapana. Kulipa kunaonyesha kwamba thamani ni yako kweli. Hakuonyeshi kwamba ni nzuri. Kwa hilo inabidi umkabili anayechukiwa, umpe sababu zako usoni, kwa maneno ambayo yeye anaweza kuyapima. Wengi wa wenye chuki za gharama hawajawahi kufanya hivyo, hata mara moja. Nilichokuwa nikikiita kipimo nimekishusha cheo: sasa ni swali la kwanza tu. Kaunta buku lina ukurasa mzima wa mwanafunzi yule, kwa mwandiko wake.

16. Lazima nijue Kiingereza? Nianzie wapi?

Si lazima. Anza na neno moja unalolitumia kila siku na kulidhani safi, kama *heshima* au *aibu*, uliza wazee watatu wasiofahamiana lilimaanisha nini walipokuwa watoto, na uandike majibu bila kuyanyoosha. Ukija nayo Jumamosi tutakuwa na kazi ya jioni nzima. Viti ni kumi na viwili, na anayefika baada ya saa kumi hukaa juu ya tofali.